Maji ya Kunawa

"Shikamoo, bibi." Ndaki alinyoosha mikono ampokee mwanawe, aliyezaliwa yeye akiwa vitani nje ya nchi.

"Marahaba." Bibi hakumwachia mtoto. Aliitazama nishani ya ushujaa aliyovishwa Ndaki jana kifuani. "Kwanza niambie. Hiyo ulipewa kwa kuua?"

"Bibi naye!" Mkewe akacheka. "Si umpe tu? Songwa nzima inajua huyu ni shujaa."

"Ndiyo maana nauliza. Aliyeua mtu hashiki kichanga kabla hajanawa dawa." Miguuni pake palikuwa na beseni la maji yenye majani yaliyopondwa. "Mwanamume ana dawa yake, mwanamke ana yake. Sema, ng'wanawane, nijue ya kutia. Alikuwa mtu gani?"

Maji yalikuwa yametulia, na nishani iling'aa humo. Jana walimsomea sifa zake: peke yake aliinyamazisha bunduki iliyowazuia wenzake kutwa nzima. Hawakusoma ni nani aliyekuwa nyuma ya bunduki ile.

Mkewe alikuwa bado anacheka.

Ndaki aliinua mkono polepole, akawaonyesha kimo cha mtu yule: chini kidogo ya nishani.