Mapipa Yanayovuma

Mji ulipokubaliana kwamba watoto wasishike simu bila mzazi kuwa karibu, kina mama walizizika ndani ya mapipa ya mchele. Tangu hapo, kila mchana watu wakijilaza baada ya kula, mapipa yalivuma nyumba hadi nyumba kama mizinga ya nyuki.

Mwanaharusi hakulala. Binti yake Saumu alikuwa amenuna tangu simu yake izikwe Ijumaa, na huruma ilianza kumshinda. Alichota mchele wa jioni; simu ikadondoka kwenye ungo, ikawaka na ujumbe:

"Mama yako amelala?"

Aliyeutuma alijiita Rafiki. Picha yake ilikuwa ua la waridi.

"Saumu, huyu nani?"

"Sijawahi kumwona, mama." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Kila mchana alikuwa akiniuliza hivyo."

"Nifungulie."

Saumu akaifungua. Mwanaharusi akaandika polepole, kidole kikiwa cheupe kwa vumbi la mchele: "Yuko macho."

Ua likafifia. Saumu akaketi kando ya mama yake, akaanza kuchambua mchele. Kisha, upande wa pili wa ukuta, kwa jirani aliyelala, pipa likaanza kuvuma.