Mwanamke wa Bombay

Nguzo za stima zilikuwa zimelala kando ya barabara tangu mwezi wa tatu, mbuzi wakizichezea, na mwenye makosa alikuwa mwanamke mmoja wa Bombay.

Mwanamke huyo alisoma habari redioni kila jioni. Mzee Muthamia, mwalimu mstaafu wa pale Kianjai, hakujua hata neno moja la lugha yake, lakini alimsikiliza kwa makini kama watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Alikuwa amefunga waya mrefu kutoka dirisha la sebule, juu ya banda la kuku, hadi kwenye mti wa avokado. Jua likizama aliwinda stesheni za mbali kwenye mawimbi ya kati: Khartoum, Jedda, Hargeisa. Akipata mpya, kesho yake alitembea sokoni kifua mbele kana kwamba ametoka huko kwa miguu.

"Stima ikipita kwa shamba yangu, redio itanguruma tu," alimwambia Kithinji, naibu wa chifu. "Bombay itakufa. Nimekataa."

Na shamba lake ndilo lilikuwa katikati. Bila sahihi yake hakuna shimo lingechimbwa, na kijiji kizima kingeendelea kulala gizani.

Kuhusu ngurumo hakuwa anadanganya. Hata na Mutugi kinyozi walikosana kwa ajili hiyo. Mutugi alitumia betri ya gari na kisanduku cha kuigeuza nguvu yake iwe stima ya kuendesha mashine ya kunyolea. Kisanduku kikiwashwa, redio ya Muthamia, ambayo aliibeba hata kwa kinyozi, ilinguruma kama simba mwenye njaa. Walitukanana wiki ya Pasaka. Tangu hapo mzee hakunyolewa, na ndevu zake sasa zilifunika kifungo cha pili cha shati.

Watu walikuja kumbembeleza. Wote walimkuta Ciakuthii, mkewe, amesimama mlangoni. Ciakuthii hakuwahi kumpinga mume wake mbele ya watu, wala hakuwa na nia ya kuanza uzeeni.

"Baba Kanana amesema hapana," aliwaambia, akipangusa masizi ya koroboi puani. "Watoto wetu wote wamesoma na koroboi. Nyinyi mnataka stima muangalie nini?"

Akakohoa sana, akafunga mlango.

Mwishowe Kithinji alichoka. "Mwalimu, huyu mama wa Bombay hakuna mtu mwingine amewahi kumsikia. Pengine hata hayuko."

Ndevu za mzee zilitetemeka. Lakini kabla hajafungua mdomo, mkewe aliruka juu.

"Ati hayuko? Si mkuje Jumamosi mjisikilizie! Mkimsikia, mtafute njia ingine ya hizo nguzo zenu. Msipomsikia, Baba Kanana ataweka sahihi hapo hapo. Ama namna gani, Baba Kanana?"

"Hivyo hivyo," alisema Muthamia. Alimtazama mkewe na kuona kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupendwa namna hiyo.

Jumamosi ilipofika, mzee alinunua betri mpya za redio na kukaza waya. Ciakuthii alichinja jogoo, akapanga viti, na kuku waliobaki akawafungia mapema wasije wakakanyagwa na wageni. Sebule ilijaa hadi watu wakasimama dirishani. Jua likazama. Muthamia akakohoa kidogo kama mhubiri, akawasha redio.

Ikanguruma.

Akazungusha. Khartoum, ngurumo. Jedda, ngurumo. Alipofika Bombay, ngurumo ilikuwa kubwa kuliko kinu cha posho. Alibadilisha betri. Alimtuma Kithinji nje akatikise waya. Wanawake walianza kuchekea ndani ya leso zao.

Ghafla mzee akageuka, akamkazia macho Mutugi. Lakini kinyozi alikuwa pale pale mbele yake, amepakata sahani yenye paja zima la kuku, hana kingine.

"Mimi sina kitu, Mwalimu," alisema Mutugi. "Nitafute hata mifukoni."

"Jana alikuwa hapa," Muthamia alisema, na sauti yake ilitia huruma. "Jana tu."

Ciakuthii alimwekea mkono begani. "Pole, Baba Kanana. Lakini tuliwapa watu neno."

Mzee akaweka sahihi. Vigelegele vikapasua paa.

Hata hivyo, mgeni haondoki kwa Mmeru bila kusindikizwa, hata kama amekuja kukunyang'anya Bombay. Muthamia alivaa koti, akawafuata hadi barabarani, huku redio ikiachwa mezani inanguruma peke yake. Hakuwa na moyo wa kuizima.

Ciakuthii alisubiri mpaka sauti zao zikapotelea kwenye migomba. Akachukua koroboi, akazunguka nyuma ya nyumba, akafungua banda la kuku, akainua gunia, na kukizima kisanduku cha Mutugi.

Pale pale, kupitia dirisha la sebule, mwanamke wa Bombay akaanza kusoma habari, wazi kabisa kama jirani anayepiga hodi.

Ciakuthii alirudi ndani mbio.

"Woiye, mama, unisamehe," alimwambia, akamzima kabla mumewe hajarudi.