Wasomaji Mia wa Kima

Sogeeni, wajukuu. Kima, mchapishaji, alikuwa akichunguza soko la manga yake, yale majarida ya Kijapani ya hadithi za picha. Kila wiki mchwa walinunua nakala mia, Kobe moja tu. Basi akamwamuru Nungunungu, mchoraji, aikatize hadithi aliyoipenda Kobe.

"Bibi harusi bado yumo mtoni. Nimwache azame?"

"Mwache. Soko ni mchwa."

Kisha Kima akaenda kuwapongeza. "Shangazi Mchwa, mmependa wapi zaidi?"

"Gundi ya mgongo wa jarida, baba. Wino wa picha hutuchafua tumbo."

Mara Kobe akafika na wajukuu arobaini, nakala yao moja imechakaa kwa kupokezana.

"Mjomba, bibi harusi wetu katoka mtoni?"