Chombo cha Mwalimu Mghoi

Mwalimu Mghoi, Mungu ambariki, aliwafundisha watoto wa darasa la sita kutengeneza chombo cha kusikilizia moyo. Ni shingo tu ya chupa ya maji, puto lililokazwa upande uliokatwa, na mpira mwembamba wa kuingiza sikioni. Mwanangu Wakesho alikuja nacho nyumbani, akakiweka kwenye tumbo langu la miezi minane.

"Mama, mtoto yuko hapa," alisema. Akakihamishia upande wa pili. "Na hapa pia."

Nikatazama bangili ya serikali mkononi mwangu: Mtoto mmoja. Hali njema. Siku hizi hakuna mkunga anayegusa tumbo. Bangili ndiyo inayohesabu, na siku ya kujifungua tunachomwa sindano ya usingizi, tukiamka tunakabidhiwa watoto kwa idadi iliyotajwa na bangili.

Kesho yake mwalimu alikuja na chombo cha pili. Alisikiliza kushoto, Wakesho kulia, kila mmoja akigonga stuli kwa kidole kufuata mapigo anayoyasikia. Vidole vyao havikwenda pamoja hata kidogo.

"Ni wawili, Mama Wakesho," alisema mwalimu.

Nilimkumbatia nikilia kwa furaha. "Asante, mwalimu. Asante sana. Bila chupa yako nisingejua kamwe."

Wakesho alikuwa bado na mpira sikioni.

"Mama, ulipokuwa na mimba yangu, bangili ilisema wangapi?"

"Mmoja."

"Na nani alisikiliza?"