Mstari wa Tisa

Bi Mwatumu alikataa kutia dole gumba kwenye ushahidi wake, uliochapwa kituoni, kuhusu kifo cha dada yake.

"Nilisema alisukumwa. Nionyeshe hilo neno."

Karani Rukaya akaendesha programu yake ndogo inayoonyesha neno liko mstari gani katika faili. Jibu likaja: halipo. Akasita, kisha akatafuta "aliteleza". Mstari wa tisa.

"Mkubwa wa kituo alilainisha kidogo tu, mama," alinong'ona. "Mtuhumiwa ni mtu wa heshima."

"Na marehemu alikuwa mbuzi?"

Bi Mwatumu alichovya dole kwenye wino, akaonyeshwa neno "aliteleza", akakandamiza dole palepale juu yake kwenye kioo cha kompyuta. Hakuliondoa. Mkono wa Rukaya ulibaki hewani, juu ya vibonye.