Mita ya Bi Zawena

"Mama, umeme unaotumia wewe ungesaga unga wa mtaa mzima," alisema fundi Machupa, akiitazama mita inavyokimbia. "Bili unaibishia, hulipi; ofisi imenituma nikate."

Bi Zawena akamfungulia mlango wa chumba chake cha kupanga. Ndani mlikuwa na balbu moja na pasi ya mkaa. Mara tatu alikuwa amelalamika ofisi ya umeme, iliyopakana na chumba hicho kwa ukuta mmoja, na mara tatu karani alimjibu bila kuinua macho, "Mita haidanganyi. Anayefuata!"

Machupa akakuna kichwa. Vifaa vya kupimia hakuwa navyo, lakini alikuwa na njia yake ya miaka ishirini.

"Nazima swichi kubwa," alisema. "Tutulie, tusikie nani atapiga kelele."

Akazima. Balbu ikazimika. Uani, redio ya mwenye nyumba iliendelea kuimba bila wasiwasi. Lakini ng'ambo ya ukuta, feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza.

"Jamani! Nani kazima umeme huko?"

Bi Zawena aliijua sauti ile. Machupa naye aliijua.

"Sasa mama, nikate au niwashe?"

Bi Zawena alivuta kigoda, akaketi chini ya mita, akajifunga khanga vizuri. Karani alishafika kwenye kona ya nyumba, jasho likimtiririka, mhuri bado mkononi.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Zawena. "Mwambie apange foleni."