Mstari Chini ya Alama

Mwalimu wa Kiswahili aliisoma insha ya mwanafunzi wake siku ya tatu tangu binti huyo atoroke kwao. Ilikuwa kwenye kompyuta, pamoja na nyingine hamsini na tisa alizoipa akili mnemba imsahihishie.

Kumi na sita kwa ishirini. Alama hiyo aliikumbuka, maana aliinakili mwenyewe daftarini. Mstari ambao akili mnemba iliuandika chini yake ndio hakuusoma, kwa haraka ya kumaliza: "Mwalimu, binti huyu anamwogopa mtu nyumbani kwao. Tafadhali zungumza naye leo."

Leo hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Kidole kilimganda juu ya kitufe cha kufuta, ukucha ukiwa na wino mwekundu.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu mkuu aliingia na mama wa binti, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mwanangu alikusifu mno," mama alisema. "Ati wewe husoma kila neno analoandika. Hakukudokezea chochote, mwalimu?"

Mwalimu angesema hapana, yangeishia hapo.

Akaigeuza kompyuta, akaisogeza mbele ya mama.

"Alinieleza kila kitu," alisema. "Mimi ndiye sikumsoma."